Kusoma sheria ya kumlinda mlaji chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka wanafunzi wa sheria ninaowasimamia kwenye semina huniuliza mambo yaleyale kuhusu somo hili, wengine darasani, wengine usiku wa kuamkia mtihani. Nimeyakusanya hapa. Majibu yanahusu Tanzania Bara kwanza. Kenya, Zanzibar na nchi nyingine nimezigusa pale ambapo mwanafunzi wetu hawezi kuzikwepa.

Mbona kozi yenyewe siioni kwenye ratiba?

Kwa sababu katika vyuo vingi haisimami peke yake. Ikiwepo kwa jina lake, huwa kozi ya hiari ya mwaka wa tatu au wa nne, mara nyingi ikiwa imebebwa mgongoni na sheria ya ushindani. Kenya nao wako hivyohivyo: Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012 inaorodhesha masomo 16 ya lazima kwa shahada ya kwanza, na sheria ya mlaji haimo. Mauzo ya bidhaa yamo, lakini ndani ya sheria ya biashara.

Usidhani basi kwamba hujaanza kuisoma. Mwaka wa kwanza, mhadhiri wa mikataba anapoeleza ofa na ukubali, unaisoma. Kwenye toti, yaani sheria ya madhara, mkifika kwenye uzembe, unaisoma tena. Inarudi kwenye mauzo ya bidhaa, kwenye sheria ya utawala mnapochambua mamlaka za udhibiti, na hata kwenye jinai, kwa kuwa kupunja vipimo ni kosa la jinai. Kazi yako ni kuvishona vipande hivyo. Anayesubiri kozi ndiyo imshonee hufika mwaka wa nne na madesa matano yasiyosalimiana.

"Mlaji" ni nani hasa? Ni sawa na mteja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo wengi hulipita mbio.

Katika lugha ya kila siku tunachanganya mteja, mnunuzi, mtumiaji na mlaji. Sheria haichanganyi. Sheria ya Ushindani ya 2003, Sura ya 285, inamtazama mlaji kuwa ni mtu anayenunua, au anayetaka kununua, bidhaa au huduma kwa lengo lisilo la kuiuza tena. Halafu inamtoa nje anayenunua ili akitumie alichonunua kuzalisha bidhaa za kuuza.

Sasa mchukue mama lishe. Asubuhi ananunua dumu la mafuta ya kupikia. Nusu atakaangia chapati za kuuza kibandani, nusu atapeleka nyumbani kupikia wanawe. Mafuta yakawa yamechakachuliwa. Je, ni mlaji? Kwa chapati za kibandani, muuzaji wa mafuta atasema huyu ni mzalishaji, hana lake kwenye vifungu vya mlaji. Kwa mboga ya nyumbani, ni mlaji asiye na ubishi. Dumu ni hilohilo. Nimewahi kuona semina nzima ya saa mbili ikiishia kwenye dumu hilo, na sikuona kama muda umepotea. Mama huyu hana wakili, wala hana nguvu ya kubishana na muuzaji wa jumla. Mstari wa tafsiri unaomtenga unapaswa kukuuma unapousoma.

Kenya walichora mstari kwingine. Sheria yao ya Kumlinda Mlaji, Na. 46 ya 2012, inamhesabu pia mtu anayetumia bidhaa hata kama si yeye aliyeingia kwenye muamala. Hapo ndipo neno letu "mlaji" linapoonyesha uzuri wake: linamtaja aliyekula, halimtaji aliyelipa. Mtoto aliyeugua kwa maziwa aliyonunua mama yake ni mlaji kwa maana kamili ya Kiswahili, ingawa kwa maana ya mkataba hakununua chochote.

Kwa nini kila mhadhiri anaanza na konokono?

Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, May Donoghue aliketi mgahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Soda ya tangawizi ililetwa katika chupa isiyopenyeza mwanga. Akanywa kiasi, na rafiki alipommiminia iliyobaki, akasema pakatoka konokono aliyeoza. Akaugua.

Tatizo lake lilikuwa hili: hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwenye mgahawa alikuwa ameuziana na rafiki, na mtengenezaji, Stevenson, alikuwa ameuziana na mwenye mgahawa. Mwaka 1932 Mabwana wa London, yaani majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji anayepeleka bidhaa sokoni katika hali ambayo hakuna atakayeweza kuikagua kabla haijamfikia mlaji, ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili ya mlaji huyo. Lord Atkin aliutafsiri wajibu huo kwa swali la Injili: jirani yangu ni nani?

Wahadhiri wanaanza hapo kwa sababu ni siku ambayo mlaji asiye mnunuzi alipata mlango wa mahakama. Na kumbuka jambo moja ambalo wanafunzi huandika vibaya: konokono hakuwahi kuthibitishwa. Mabwana waliamua hoja ya kisheria tu, kwa kuchukulia kwamba aliyoyadai ni kweli. Baadaye pande mbili zikamalizana bila ushahidi kusikilizwa. Ukiandika "mahakama ilithibitisha kulikuwa na konokono", umepoteza alama.

Ukishaielewa hiyo, soma ya Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, ya miaka ya 1930. Huyu alinunua chupi za sufu zilizokuwa na mabaki ya kemikali, ngozi ikamharibika vibaya. Yeye ndiye aliyenunua, kwa hiyo alilibana duka kwa sheria ya mauzo na kiwanda kwa toti, vyote katika shauri moja, na akashinda kote kuwili. Ukizilaza kesi hizi mbili ubavu kwa ubavu, unaona mkataba unaishia wapi na uzembe unaanzia wapi.

Nisome sheria zipi kwanza?

Anza na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotoholewa kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Kisha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ni mtoto wa sheria ya Uingereza ya 1893. Hizi mbili zinamchukulia muuzaji na mnunuzi kama watu wenye nguvu sawa wanaokutana mezani. Ukizisoma, jiulize kama umewahi kukaa meza moja na kampuni ya simu mkajadili masharti.

Halafu ndipo uingie Sheria ya Ushindani. Wengi husoma sehemu ya ushindani tu, wakaishia kwenye kampuni kubwa na miungano yake. Endelea mbele. Kuna sehemu za udanganyifu na upotoshaji kwa mlaji, mbinu zisizo za haki kama matangazo ya chambo na biashara za piramidi, mwenendo wa kumkandamiza mnyonge, masharti ambayo sheria yenyewe inayaingiza kwenye mkataba wa mlaji, wajibu wa mtengenezaji, na usalama wa bidhaa.

Baada ya hapo ni za kisekta: Sheria ya Viwango ya 2009 inayoendeshwa na TBS, yaani Shirika la Viwango, Sheria ya Vipimo, sheria ya EWURA inayodhibiti nishati na maji, ya mawasiliano, ya huduma ndogo za fedha ya 2018, ya miamala ya kielektroniki ya 2015. Chakula kina historia yake: hadi 2019 kilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kikahamia TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaatiba kwa jina la TMDA. Ukikuta desa linalosema chakula ni TFDA, ujue limepitwa na wakati, na pengine si hapo tu.

Zanzibar ina sheria yake ya ushindani na kumlinda mlaji ya 2018. Usiipeleke Sura ya 285 Darajani.

Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" lina nguvu kisheria?

Jibu lina ngazi tatu, na mtihani hupenda ngazi ya pili na ya tatu.

Kwanza, ukinunua shati likakutosha, likawa zima, kisha nyumbani ukaona rangi hukuipenda, muuzaji halazimiki kulipokea. Akilipokea ni uungwana wake. Hapo bango limesema kweli.

Pili, tuseme bidhaa ni mbovu. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa kuna masharti yasiyohitaji kuandikwa: muuzaji awe na haki ya kuuza, bidhaa ifanane na maelezo, na anapouza kama mfanyabiashara, iwe ya ubora unaouzika na ifae kazi aliyoelezwa. Lakini sheria hiyo, kama mama yake wa 1893, inaruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa. Ndipo ujanja wa maandishi madogo ulipozaliwa. Mwaka 1934 mahakama ya Uingereza katika kesi ya L'Estrange dhidi ya Graucob ilimwambia mwenye mgahawa aliyenunua mashine mbovu ya kuuzia sigara kwamba alishatia saini, basi amefungwa, hata kama hakusoma.

Tatu, Sheria ya Ushindani inaufunga mlango huo kwa mkataba wa mlaji. Sharti la kuondoa ulinzi huo ni batili. Kwa hiyo mlaji anaporudisha pasi iliyoungua siku ya kwanza, bango la ukutani halimfungi. Swali la kujiuliza ni moja tu: anayelalamika ni mlaji kwa tafsiri ya sheria? Kama si mlaji, unarudi ngazi ya pili. Umeona sasa kwa nini nilikaa muda mrefu kwenye dumu la mafuta.

Nilipokuwa mwanafunzi nilinunua simu ikazima baada ya siku nne. Nilirudi dukani nikaonyeshwa bango, nikaondoka kimya, na wakati huo nilikuwa nimeshafaulu mikataba. Sikujua kuunganisha nilichosoma na nilichoshika mkononi. Ndiyo sababu nimeliandikia swali hili kwa urefu.

Hizi kesi za Uingereza na Australia zinaifunga mahakama yetu?

Hapana, lakini zinasikilizwa, na sababu zake zinatofautiana. Sheria yetu ya mapokezi inachukua misingi ya sheria ya Uingereza ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Uamuzi wa baada ya hapo unashawishi tu. Donoghue ni ya 1932. Usiandike kwamba "inaifunga" Mahakama Kuu ya Tanzania.

Australia inaingia kwa mlango mwingine. Waandishi wa Sheria ya Ushindani walifuata kwa karibu Sheria ya Mienendo ya Biashara ya Australia ya 1974. Kifungu chetu cha 15, kinachokataza mwenendo wa kupotosha, ni ndugu wa kifungu chao maarufu cha 52. Ndiyo maana hukumu za Sydney na Melbourne zina uzito hapa kuliko nyingi za London. Ukizitafuta, jua kwamba tangu Januari 2011 sheria yao ilibadilishwa jina na vifungu vya mlaji vikahamishiwa kwenye jedwali lake la pili, kwa hiyo namba hazifanani tena.

Na zetu? Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Tafuta mashauri ya Baraza la Ushindani, FCT.

Nisome kwa Kiswahili au Kiingereza?

Vyote, na usimwonee aibu yeyote. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Vitabu vingi vya kozi bado ni vya Kiingereza, na mihadhara vilevile.

Kwenye somo hili Kiswahili kina faida ya pekee, kwani mteja wako wa kesho ataeleza tatizo lake kwa Kiswahili. Atasema "wamenipiga", "ni feki", "wamenibambikia bili". Kila neno kati ya hayo linaangukia kifungu tofauti. "Feki" inaweza kuwa suala la alama za bidhaa, la viwango, au la upotoshaji. Fanya zoezi la kuyatafsiri malalamiko ya mtaani kuwa hoja za kisheria; hakuna mhadhara utakaokufanyia.

Kuhusu namba za vifungu: Toleo la Urekebu la Sheria la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kabla ya kunukuu kifungu, hakikisha toleo uliloshika ndilo hilo.

Swali la tukio kwenye UE, yaani mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, nilijibuje?

Tuseme umepewa hili: Asha anaona tangazo kuwa friji fulani "inatumia nusu ya umeme wa friji nyingine zote". Ananunua Kariakoo. Bili haishuki. Mwezi wa pili kompresa inapasuka na kumjeruhi mdogo wake. Mwenye duka anaonyesha risiti iliyoandikwa "hakuna kurudisha".

Wengi huanza na historia ya haki za mlaji: hotuba ya Rais Kennedy ya tarehe 15 Machi 1962 na haki zake nne, kisha miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 1985. Ukurasa mzima, na Asha bado amesimama mlangoni. Historia hiyo iweke kwenye swali la insha.

Hapa gawa watu kwanza, sheria baadaye. Asha na duka: mkataba, masharti ya ubora, na ubatili wa maneno ya risiti. Asha na aliyetangaza: upotoshaji. Linganisha na kesi ya Carlill, ambako kampuni iliahidi pauni 100 kwa atakayepata mafua baada ya kutumia dawa yao, ikaweka pauni 1,000 benki kuonyesha haifanyi mchezo, halafu ilipodaiwa ikasema lilikuwa tangazo tu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliikatalia. Je, "nusu ya umeme" ni dai linalopimika au ni sifa za sokoni? Kwa maoni yangu linapimika, na hapo ndipo alama zilipo. Mdogo wake na mtengenezaji: hana mkataba, kwa hiyo nenda kwa jirani wa Lord Atkin. Mwisho, sema kila mmoja aende wapi na aombe nini. Wanafunzi wazuri kabisa husahau sehemu hii ya mwisho.

Wapi, basi? Malalamiko yanapelekwa wapi?

Inategemea bidhaa au huduma. Bili ya umeme au maji: anza kwa mtoa huduma mwenyewe, usiporidhika nenda EWURA, na rufaa huenda FCT. Simu na intaneti ni TCRA kwa mtindo huohuo, usafiri wa nchi kavu ni LATRA. Bidhaa bandia na upotoshaji ni Tume ya Ushindani, FCC. Ubora hafifu ni TBS. Mizani iliyochezewa ni Wakala wa Vipimo. Fidia ya madhara ya mwili kwa kawaida ni mahakama.

Andika ramani hiyo kwa mkono wako ukurasa mmoja. Mlalamikaji aliyekosea mlango huzungushwa ofisi hadi ofisi hadi anakata tamaa, na kukata tamaa kwake ndiko muuzaji mbaya anakotegemea.

Ni kweli Kenya imeweka haki za mlaji kwenye Katiba?

Ndiyo, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010: bidhaa na huduma za ubora unaostahili, taarifa, ulinzi wa afya, usalama na maslahi ya kiuchumi, na fidia. Inagusa taasisi za umma na watu binafsi pia. Katiba yetu ya 1977 haina ibara ya namna hiyo.

Tofauti inaonekana kwenye kesi ya Mark Ndumia Ndung'u dhidi ya Nairobi Bottlers, ya 2018. Mlalamikaji hakuumwa wala hakupata hasara ya fedha. Hoja yake ilikuwa kwamba soda za chupa ya kioo hazikuandikwa taarifa za lishe, ilhali za plastiki ziliandikwa. Mahakama Kuu ikamsikiliza kwa sababu taarifa ni haki ya kikatiba. Jaribu kuliandaa shauri hilohilo kwa sheria za Tanzania uone utaingilia wapi. Ni mazoezi bora kuliko kukariri.

Mikopo ya simu na "kausha damu", yaani mikopo ya riba kubwa ya mtaani, imo kwenye somo hili?

Imo, na kwa maoni yangu ndiyo sura yake nzito zaidi kwa sasa. Mtu anabonyeza "nakubali" saa tano usiku mtoto akiwa mgonjwa. Riba imefichwa ndani ya "ada". Akichelewa siku mbili, ujumbe wa kumwaibisha unatumwa kwa bosi wake, mchungaji wake, mama mkwe wake, kwa sababu programu ilichukua orodha ya namba zake zote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Hapo una leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, kanuni za Benki Kuu za kumlinda mlaji wa huduma za fedha za 2019, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, upotoshaji, na mkataba uliofungwa na mtu asiye na pa kukimbilia. Mwanafunzi anayeweza kuzipanga zote tano kwa mkopaji mmoja ameshalielewa somo.

Kuna ajira?

FCC, TBS, mamlaka za udhibiti na mabaraza yake ya ushauri wa watumiaji, idara za uzingatiaji sheria za benki na kampuni za simu, mashirika ya msaada wa kisheria. Ukitaka uwakili, bado utapitia Law School ya Tanzania kama wengine wote. Ukiwa chuoni jitolee kwenye dawati la msaada wa kisheria; migogoro ya kodi ya chumba, ving'amuzi na mikopo hujaa pale.

Nataka kuandika utafiti wa mwaka wa mwisho. Mada gani haijachoshwa?

Lumbesa. Kila mtu anaijua, wachache wameichambua kisheria. Mkulima wa viazi anauza gunia lililofungiwa kilemba juu na analipwa bei ya gunia moja. Yeye ni muuzaji, kwa hiyo Sura ya 285 haimwiti mlaji. Anabaki na Sheria ya Vipimo, yaani kosa la jinai, faini kwa mkosaji, na mara nyingi hakuna shilingi inayorudi mfukoni mwake. Uliza kwa nini sheria inayomlinda anayekula kiazi imemwacha aliyekilima, na kama ingefaa tafsiri ipanuliwe au itungwe sheria nyingine.

Nenda sokoni saa kumi na moja alfajiri magari yanaposhusha, uwe na mizani yako. Pima magunia kumi. Andika uzito wa kila moja na bei aliyolipwa mkulima kule shambani, kama dalali atakubali kukutajia. Omba kibali cha utafiti mapema, maana barua za chuo huchukua wiki.